NYUMBA IKIUNGUA, NANI ATALIPA?



Mwenzetu mmoja alipata shida kubwa muhula uliopita. Mshumaa ulianguka juu ya chandarua, na nyumba yao ya mbao iliungua usiku. Tunashukuru Mungu, hakuna mutu aliyekufa. Lakini cherehani ya mama yake, magodoro, na hata diplome ya kaka yake, vyote vilikuwa majivu. Kanisa lilichanga nguo na unga. Cherehani haijarudi mpaka leo, na ndiyo ilikuwa inalipa masomo yake.

Darasani tulibishana. Mmoja aliuliza: «Mbona hawakuwa na bima?» Mwingine akasema: «Mwenye imani hana lazima ya bima.» Ndiyo sababu tunaandika.

Bima, ile wengi wanaita asiransi, ni nini? Tuseme nyumba 100, kila moja bei yake dola 2.000. Kila mwaka moja inaungua. Kama kila mwenye nyumba analipa dola 20, inakuwa dola 2.000, na aliyeunguliwa anajenga tena. Kompani inaongeza kidogo kwa kazi yake. Basi, ni mzigo wa mutu mmoja unaobebwa na wengi. Hata Yusufu kule Misri aliweka ngano kabla ya njaa, na hakuna anayesema alikosa imani.

Katika inchi yetu SONAS ilianzishwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa wengine, na kompani za binafsi zilianza kupata ruhusa mwaka 2019. Kwa hiyo leo mutu anaweza kuuliza bei hapa na pale. Lakini kwanza aulize kama kompani iko na ruhusa ya ARCA, ile ofisi ya serikali inayoziangalia.

Mambo ya kusoma vizuri katika mkataba ni haya:

1. Nyumba na vyombo ni vitu viwili. Bima ya mwenye nyumba inaweza kulipa kuta na mabati tu. Kitanda cha mpangaji hakimo.

2. Si kila hasara inalipwa. Moto unaweza kuwamo, lakini wizi, vita au volkano visiwemo. Watu wa Goma waliopoteza nyumba kwa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 wanajua uzito wa jambo hili.

3. Usidanganye bei. Wengi wanaandika bei ndogo ili walipe kidogo. Nyumba ni ya dola 10.000, wao wanaandika 5.000. Moto ukiharibu vitu vya dola 4.000, wanangojea 4.000. Kwa kawaida watapata 2.000 tu, kwa sababu walilipia nusu ya nyumba. Na anayeandika bei kubwa kupita kweli hatapata faida: bima inarudisha kilichopotea, haitajirishi mutu.

4. Hasara ikitokea, julisha kompani upesi. Siku zimehesabiwa katika mkataba.

Tunajua wazazi wengi hawana pesa ya bima. Hata hivyo, kuna kazi zisizoomba pesa. Andika orodha ya vitu vya nyumbani, na bei zake, na uiweke kwa ndugu anayekaa mbali. Fanya hivyo pia na kopi za diplome na karatasi za kiwanja. Yule mwenzetu, tulipomuuliza vitu gani viliungua, hakuweza kuvihesabu vyote. Kwa kompani ingekuwa shida hiyohiyo. Mshumaa usimame ndani ya kopo lenye mchanga, mbali na chandarua. Mbabula isilale ndani ya nyumba, maana moshi wa makala unaua bila harufu. Na moto wa umeme usimwagiwe maji: kata umeme kwanza, halafu tupa mchanga.

Ninyi mnaolala enterna, msifikiri hili ni jambo la wazazi tu. Sanduku lako chini ya kitanda ni mali yako. Je, umeandika yaliyomo?

Mungu atulinde, na sisi tuzime mishumaa yetu.