Goti la Mwanafunzi Anayekua
Mwanafunzi wa miaka 13 akilalamika kwamba goti lamuuma baada ya mbio, mara nyingi huambiwa ajikaze. Huenda si mvivu hata kidogo. Misuli ya mbele ya paja huunyosha mguu kwa ukano upitao juu ya pia ya goti na kushikamana na muundi, mahali ambapo, katika mtoto, gegedu bado haijawa mfupa kamili. Kila anaporuka au kupiga mpira, ukano huvuta papo hapo. Na akirefuka upesi mvuto huzidi, pakatokea uvimbe na maumivu chini ya pia ya goti. Mwaka 1903 Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, kila mmoja kwa upande wake, waliyaeleza maradhi haya, nayo yakapewa majina yao.

Mazoezi yasipigwe marufuku. Yatosha kupunguza mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie. Kwa kawaida hali hii hukoma ukuaji ukiisha. Lakini kuwakimbiza wote mizunguko ileile kwa kuwa ni wa darasa moja ni jambo lisilo na msingi wa kisayansi: wanafunzi wawili wa umri mmoja waweza kupishana hata miaka miwili katika kukomaa kwa mifupa. Mwalimu akipima urefu wao kila muhula na kuuandika daftarini, atamtambua mapema yule anayerefuka ghafla.