Kumsomesha Mtoto Kisa cha Tom Robinson

Riwaya ya To Kill a Mockingbird, iliyoandikwa na Bi Harper Lee wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1960, ni miongoni mwa vitabu vinavyosomeshwa mno katika shule za nchi hiyo. Mwaka 1961 ilitunukiwa tuzo ya Pulitzer, na mwaka uliofuata ikatengenezewa filamu. Watoto wa jamaa zetu waliohamia huko huikuta darasani wangali wadogo, na wako wazazi waliotuuliza: je, mtoto mweusi, mgeni katika nchi ya watu, atanufaika na kitabu chenye matusi mengi ya rangi? Swali hili ni zito, na sisi twaona jawabu lake limo zaidi katika namna ya kusomesha kuliko katika kitabu chenyewe.

Kisa ni hiki. Katika mji wa kubuni wa Maycomb, jimbo la Alabama, miaka ya 1930, Mzungu mmoja mlevi aitwaye Bob Ewell amshitaki Tom Robinson, mtu mweusi, kibarua wa shamba mwenye mke na watoto, kwamba amemnajisi binti yake. Wakili Atticus Finch apewa kazi ya kumtetea. Mahakamani yabainika kwamba binti aliumizwa upande wa kulia wa uso, pigo linaloelekea kuwa la mtu wa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya pamba. Anayeandika kwa mkono wa kushoto ni baba wa binti. Pamoja na hayo, raia 12 walioteuliwa kuamua kesi, Wazungu watupu, wamtia Tom hatiani. Na baadaye auawa kwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani. Msimulizi wa yote ni Scout, binti mdogo wa wakili, aliyeitazama kesi kutoka roshani waliyotengewa weusi.

Mwalimu hodari huanza kazi kabla ya ukurasa wa kwanza. Huwaeleza wanafunzi kwamba zama hizo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga weusi na Wazungu katika shule, katika magari, hata katika bomba la maji ya kunywa. Huwasimulia kadhia ya Scottsboro ya mwaka 1931, vijana tisa weusi waliposhitakiwa Alabama kwa kuwanajisi wanawake wawili wa Kizungu ndani ya gari moshi. Wanane kati yao walihukumiwa kifo upesi, na baadaye mmoja wa wanawake wale akakana maneno yake mwenyewe. Huwaeleza pia kwamba mwanamke wa Alabama, hata akiwa Mzungu, hakuruhusiwa kukaa miongoni mwa raia 12 wa mahakama za jimbo mpaka mwaka 1966. Mtoto asiyeyajua haya atadhani kesi ya Tom ilikuwa mkosi wa siku moja, ilhali ilikuwa ada ya nchi.

Kisha laja suala la tusi. Neno la kumdhalilisha mtu mweusi limetajwa mara nyingi kitabuni. Mwaka 2017, katika mji wa Biloxi, jimbo la Mississippi, riwaya hii iliondolewa katika masomo ya darasa la nane kwa sababu ya lugha yake. Twafahamu uchungu wa mzazi aliyelalamika. Mtoto mweusi aliye peke yake darasani, neno lile lisomwapo kwa sauti na wenzake wakageuka kumtazama, haumii kwa jambo la miaka ya 1930, aumia leo. Basi mwalimu na aamue mapema: neno lionwe kwa macho, lielezwe asili yake na ubaya wake, lakini lisitamkwe. Wala mtoto yule asiulizwe mbele ya watu weusi wenzake huonaje, kana kwamba ametumwa na kabila zima.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2022, huko Mukilteo, jimbo la Washington, walimu wenyewe waliomba kitabu kisiwe tena cha lazima. Walilalamika, pamoja na mengine, kwamba mtu mweusi hakupewa sauti, na shujaa ni Mzungu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Tom anayekufa tunamjua kidogo. Wakili anayeshindwa tunamjua sana. Mtoto akifunga kitabu akiwa amempenda Atticus tu, atakuwa amefunzwa kumsifu mtetezi na kumsahau aliyedhulumiwa.

Dawa yake ni kukiwekea kitabu hiki mwenzake. Harper Lee alizaliwa katika mji wa Monroeville, Alabama, na mji ule hujifaharisha kwa riwaya yake. Mahakama yake ya zamani ni makumbusho. Katika mji uo huo, mwaka 1987, alikamatwa mtu mweusi aitwaye Walter McMillian kwa mauaji ya msichana wa Kizungu. Mashahidi wengi walisema kwamba saa ile alikuwa nyumbani kwake, jamaa na majirani wakiuza samaki wa kukaanga kuchangia kanisa. Hawakusadikiwa, kwa kuwa walikuwa weusi. Alikaa katika gereza la waliohukumiwa kifo mpaka mwaka 1993, ilipothibiti kwamba ushahidi dhidi yake ulikuwa wa uongo. Wakili wake, Bryan Stevenson, naye mtu mweusi, ameieleza kesi hiyo katika kitabu chake Just Mercy cha mwaka 2014. Mwanafunzi akivisoma viwili hivi pamoja, ataona kwamba watu waweza kukipenda kisa cha dhulma na wakatenda dhulma ile ile mlangoni mwao.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapokuwa kazi ya mzazi. Kitabuni yumo Calpurnia, mtumishi mweusi wa nyumba ya wakili. Ndiye aliyemfundisha Scout kuandika, na ndiye aliyemvutia jikoni kumkemea alipomwaibisha mtoto maskini aliyealikwa mezani. Adabu ya nyumba ile yatoka kwake. Lakini mpaka siku alipowachukua kanisani kwake, Scout hakuwahi kufikiri kwamba Calpurnia ana maisha yake nje ya jiko lao.

Basi mama, mwanao akisoma kitabu hiki, iwe ni Minnesota au Mombasa, keti naye. Mwulize Tom angesema nini lau angesikilizwa. Kisha mwulize kuhusu dada anayewafulia na kuwapikia nyumbani: jina lake kamili ni nani, na kwao ni wapi? Akishindwa kujibu, msimtafutie jawabu. Mwambieni aende akamwulize mwenyewe, kwa heshima, nanyi mketi msikilize.