Ukisikia King'ora, Toa Nafasi: Huenda Ndani Kuna Mama

  Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Lubao. Wiki hii sitazungumzia chanjo wala uji wa mtoto. Nitazungumzia barabara. Tafadhali, mama mpendwa, usizime redio ukidhani haya ni mambo ya madereva pekee. Ukisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba yanakuhusu wewe zaidi.

Nianze na kisa kimoja. Ijumaa moja nilikuwa ndani ya ambulensi nikimsindikiza mama aliyekuwa amejifungua muda mfupi uliopita. Damu ilikuwa inatoka na haikomi. Tulikuwa tunatoka upande wa Malava tukielekea mjini Kakamega. Mkono wangu mmoja ulikuwa ukikanda tumbo lake ili mji wa mimba ujikaze, na wa pili ulikuwa umeinua chupa ya dripu. Nyote mnajua Ijumaa hapa Lubao ni siku ya soko la mbwa. Watu hujaa mpaka ukingoni mwa lami, na mbwa wao kwenye kamba.

Tulipofika sokoni tukakwama. Matatu moja ilikuwa imesimama barabarani ikishusha abiria, na upande wa pili trekta la miwa lilikuwa linakuja polepole. King'ora kililia, taa zikamulika, lakini matatu haikusogea. Makanga alikuwa bado anadai nauli. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ndani ya matatu ile akipiga ubavu wa gari kwa kiganja: "Dereva, weka kando! Huyo ni mtu wa watu!" Abiria wengine wakamuunga mkono. Matatu ikaingia kando, nasi tukapita.

Mama yule alifika hospitali, akaongezewa damu, akapona. Miezi tisa baadaye alikuja na mtoto wake kuchanjwa surua. Kila nikimwona namkumbuka mwanamke yule wa kwenye matatu, ambaye sikuwahi kuuona uso wake.

Sasa mtauliza, dakika mbili tatu zina maana gani? Zina maana kubwa. Mama akipoteza damu zaidi ya nusu lita baada ya kujifungua, yaani kiasi cha chupa ndogo ya maji ya kunywa, hiyo tayari ni hatari. Damu ikiendelea kutoka bila matibabu, hata mama aliyekuwa na afya njema anaweza kufariki kwa muda wa saa mbili tu. Sasa toa humo muda wa kugundua hatari, muda wa kungoja gari, na muda wa kumpakia. Muda unaobaki wa kukaa barabarani ni mdogo sana. Ni vivyo hivyo kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kwa mtoto mwenye malaria kali anayetetemeka mwili mzima, na kwa mtoto mchanga anayeshindwa kupumua.

Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba akina mama hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa njiani. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza uko mikononi mwa familia, na wa tatu uko mikononi mwetu. Lakini ule wa pili uko mikononi mwa kila mtu anayetumia barabara.

Basi dereva afanye nini akisikia king'ora? Mama, msomee mume wako au kijana wako anayeendesha gari, na yeye akumbuke hivi:

Kwanza, asishtuke. Apunguze sauti ya redio, atazame vioo, ajue gari hilo linatoka wapi. Linaweza kuwa nyuma, mbele, au kwenye njia panda.

Pili, aonyeshe ishara ya kuingia kushoto, apunguze mwendo taratibu, asogee kushoto kabisa, na asimame ikiwa ni salama. Asikanyage breki ghafla katikati ya njia. Asisimame kwenye kona, juu ya daraja, wala kwenye kilele cha mlima. Hapo asonge mbele kidogo mpaka apate nafasi nzuri.

Tatu, barabara yetu ya Kakamega kwenda Webuye ina njia moja kwenda na moja kurudi. Kwa hivyo gari linalokuja kutoka mbele nalo lisogee kando. Ambulensi ikilazimika kulipita lori la miwa, itahitaji nafasi ya upande wa pili.

Nne, kwenye njia panda au mzunguko, asubiri hata kama ni zamu yake kuingia.

Tano, asiondoke mara moja. Mara nyingi gari la pili hufuata la kwanza. Atazame tena vioo ndipo arudi barabarani.

Sita, asiifuate ambulensi ili anufaike na njia iliyofunguka. Siku ile ninayowasimulia, bodaboda mbili zilitushika mkia. Dereva wetu angefunga breki, ningekuwa na wagonjwa wengine mle ndani. Hata jamaa wa mgonjwa wasikimbizane na ambulensi. Waje kwa mwendo wa kawaida, watatukuta hospitalini.

Haya si hisani tu. Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka dereva alipishe ambulensi, gari la zima moto na gari la polisi lililo kazini. Dereva wa ambulensi naye ana wajibu wake. King'ora ni ombi la kupewa njia. Hakimpi ruhusa ya kugonga watu, na akifika penye watu wengi lazima apunguze mwendo.

Wenzetu wa nchi nyingine wamezoea mambo haya. Kule Ujerumani, magari yakianza kusongamana kwenye barabara kuu, yale ya njia ya kushoto husogea kushoto na mengine yote husogea kulia, hata kabla king'ora hakijasikika. Katikati hubaki njia wazi. Kule Marekani kila jimbo lina sheria kwamba ukikuta ambulensi au polisi wamesimama kando wakihudumia ajali, uhamie njia ya mbali nao au upunguze mwendo. Hili la pili tunaliweza hata hapa Lubao. Ukikuta wahudumu wamepiga magoti barabarani, pita polepole na kwa mbali. Usisimame kupiga picha.

Sasa nije kwako wewe mama usiyeendesha gari. Ukiwa ndani ya matatu, wewe ni macho na masikio ya dereva. Muziki ukiwa juu huenda hasikii. Mwambie kwa heshima lakini kwa sauti: "Dereva, kuna ambulensi nyuma." Ukiwa kwenye bodaboda, mguse begani umwambie aingie kando. Ukiwa kwa miguu na watoto, washike mikono, rudini nyuma ya ukingo, na msivuke hata kama ambulensi inaonekana iko mbali, kwani inakuja kwa kasi. Wafundishe watoto kwamba king'ora si mchezo wa kukimbilia barabarani kupunga mkono. Na wewe unayeuza ndizi au mboga karibu na lami, sogeza meza yako nyuma. Pale ulipoiweka ndipo gari linapotakiwa kuegea.

Kuna jambo jingine zito. Lori la mafuta likipinduka, usiende na mtungi, wala usimtume mtoto. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilishika moto watu wakichota, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka wa 2021 mwezi wa Julai, yakatokea tena kule Malanga, Kaunti ya Siaya, na watu 13 au zaidi wakafa. Umati wa watu huzuia pia zima moto na ambulensi kufika kwa waliojeruhiwa. Kaa mbali, na uwazuie wengine.

Mwisho, jiandae kabla hatari haijafika. Ukiwa mjamzito, wewe na mzee wa nyumbani pangeni mapema: ni gari gani litakubeba, ni nani atakusindikiza, nani atabaki na watoto, na pesa za dharura ziko wapi. Andika nambari ya kituo chako cha afya na ya mhudumu wa afya wa kijiji chenu kwenye kijitabu cha kliniki. Nambari za dharura za polisi ni 999 au 112, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ukipiga simu, eleza mahali kwa alama watu wanazozijua, kama shule, kanisa, soko au kinu cha posho. Tuma mtu asimame pale njia ya kwenu inapokutana na lami. Ikiwa ni usiku awe na tochi. Mara nyingi ambulensi hupoteza muda ikitafuta boma.

Na mkilazimika kumbeba mgonjwa kwa gari la jirani, washeni taa za hatari, lakini msiende kasi kupita kiasi. Mgonjwa mmoja asiwe watano.

Kazi ya nyumbani wiki hii ni moja. Jioni mkiwa mezani, waulize watu wa nyumba yako: "Tukisikia king'ora tutafanya nini?" Kila mmoja ajibu, hata mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja huenda wewe ndiye utakayekuwa umelala ndani ya gari lile, ukiomba Mungu kwamba aliye mbele yako amefundishwa nyumbani kwao.