Kwa nini mto wa msimu huweza kulibeba basi

KATIKA vipindi vya magari vya televisheni za Ulaya, mfano RTL Autowereld kilichotazamwa Uholanzi kwa miaka mingi, gari hupimwa kwa mwendo wake, unywaji wa mafuta na starehe ya viti. Uholanzi ni nchi ya madaraja. Swali la dereva wa Kitui au Makueni mvua za Oktoba hadi Desemba zinaponyesha halimo katika vipimo hivyo: je, gari hili litavuka mto?

Swali hilo lilipata jibu chungu mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya kutoka Mwingi waliokuwa wakielekea harusini Nuu lilipozama katika Mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walifariki. Video zilizosambaa zilionyesha basi likisonga polepole majini, kisha likainama upande mmoja na kutoweka, huku watu waliosimama ukingoni wakipiga mayowe.

Wengi walistaajabu kwamba chombo kizito hivyo kilibebwa. Lakini uzito si kinga. Basi lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2.5 hupoteza uzito wa karibu tani 2.5 kwa kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu yake, kabla hayajaingia ndani. Magurudumu hayashiki tena chini. Gari dogo huanza kuelea maji yakifika sentimita 30 hivi, yaani chini ya goti la mtu mzima. Tena kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Basi nalo limeupa mkondo ubavu mzima, mfano wa tanga.

Vivuko vingi vya Ukambani ni sakafu ya saruji iliyolazwa juu ya mchanga, bila kingo. Maji yakiwa na tope, dereva hauoni ukingo wala shimo lililochimbwa na mkondo chini ya saruji. Uchotaji wa mchanga huzidisha hatari hiyo, na ndiyo mojawapo ya sababu Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015.

Isitoshe, mafuriko huja bila wingu. Mvua ikinyesha katika vilima vya Mbooni au Kilungu, mto uliokuwa mkavu asubuhi hufurika mbali huko chini penye jua kali. Hapo abiria husikika wakimhimiza dereva avuke upesi, kwa kuwa lori limetangulia salama. Lori hilo lina sakafu ya juu zaidi, na huenda lilipita maji yakiwa bado machache.

Njia rahisi ya kujua ni kusimika kijiti penye ukingo wa maji na kungoja. Maji yakikipita kijiti, mto ungali unapanda. Yakirudi nyuma, unashuka, na kwa kawaida mito hii hushuka baada ya saa chache.