Shubiri: Chungu Mdomoni, Dawa Ngozini

Sisi watu wa Pwani tukitaka kueleza uchungu hatuna mfano mwingine ila shubiri. Mama akitaka kumwachisha mwana ziwa hupaka shubiri chuchuni, na mtoto akishaonja hana hamu tena. Jina tumelipata kwa Waarabu, nao huita sabir, neno la shina moja na sabr, yaani subira. Na mshubiri huu tunaoupanda uani na makoponi asili yake ni milima ya Hajar, huko Oman.

Waliosoma chuoni wataikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya aliyeumwa na macho hali yumo katika ihramu, na ruhusa ya kuyaganga kwa sabir. Basi dawa hii si ya jana.

Linalonikera ni hili. Jioni za Ramadhani, mafuta ya sambusa yakimrukia mtu, utaona jani lavunjwa mbio na kubandikwa lilivyo, maji ya manjano yakimchuruzika mwana wa watu. Maji hayo, yaliyo chini ya ganda, ndiyo shubiri hasa: ndiyo machungu, ndiyo ya kuharisha, na ngozi nyingine huwashwa nayo. Kinachopoza ni ule ute mweupe wa ndani, ambao karibu wote ni maji. Ajabu, mmea tumeupa jina la kile ngozi isichokihitaji!

Marehemu bibi yangu hakuwa na haraka. Jani nene la chini alilikata shinani, akalisimamisha bakulini kiasi cha robo saa mpaka likatoa manjano yote, akaliosha, akalimenya, ndipo akapaka ute. Nasi siku hizi twajua kwamba jani likichuja, mkono ulioungua uwe chini ya maji ya mfereji dakika 20, wala si barafu. Dawa ya meno, unga na siagi visikaribie kabisa.

Tena jani lina mpaka wake. Ni la kuungua juu juu, au ngozi iliyobabuliwa na jua. Ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi, lengelenge likipita ukubwa wa kiganja, ikiwa ni uso au aliyeungua ni mtoto mchanga, usipake kitu. Baada ya maji, mfunike kwa kanga iliyofuliwa, umpeleke hospitali usiku huo huo.