Mashine Mpya, Maagizo ya Zamani

Mwaka 2018 mji wa Songea, ambao kwa miaka mingi ulitegemea hasa jenereta za dizeli, uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Chanzo cha umeme kilibadilika, lakini hakuna aliyelazimika kununua taa au pasi mpya. Makubaliano baina ya mtambo na chombo yalibaki yale yale: volti 230, na mizunguko 50 kwa sekunde.

Wasanifu wa kompyuta hufuata kanuni kama hiyo. Kila prosesa, yaani kiini cha kompyuta, ina orodha ya maagizo inayoyatambua: jumlisha, linganisha, hamisha. Programu hutungwa kwa maagizo hayo. Orodha ikibadilishwa, kazi ya miaka mingi hupotea. Ndiyo maana mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza System/360, jamii ya mashine ndogo na kubwa zilizotofautiana ndani, lakini zikatii orodha moja.

Je, uaminifu huo hauna gharama? Unayo. Prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo ilifikia baiti 1,048,576 tu za kumbukumbu. Anwani iliyozidi hapo ilirudi mwanzo, kama saa ya ukutani inavyorudi saa moja baada ya saa kumi na mbili. Baadhi ya programu zilitegemea tabia hiyo. Prosesa ya 80286 ya mwaka 1982 ilikuwa na nyaya 24; anwani hazikurudi tena, na programu hizo zingekosea. Kwa hiyo kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 ilitiwa lango la kuufunga waya wa 21, ili mashine mpya iweze kujifanya ya zamani.

Hata hivyo, ahadi ina kikomo. Programu za 8086 haziwezi kuendeshwa moja kwa moja katika hali ya biti 64 iliyoletwa na AMD mwaka 2003. Shule inayotunza matokeo ya wanafunzi katika programu kongwe haina budi kuihamisha kumbukumbu hiyo kabla mashine ya mwisho haijazimika.

Zoezi: nyaya 20 hutoa anwani 2 kwa kipeo cha 20. Je, nyaya 24 hutoa ngapi?