Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Daftari la Wanachama Lisipotee



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, wauza kompyuta wana neno moja tu: nunueni mpya. Windows 11 yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 zinakataliwa. Za ofisi zetu za Arua na Koboko ni za umri huo, nazo zilinunuliwa kwa ada za wanachama. Hatuoni sababu ya kuzitupa.

Jambo kubwa ni yale yaliyomo ndani yake. Kila mwezi mwajiri anatakiwa apeleke NSSF asilimia 10 ya mshahara, pamoja na asilimia 5 anayomkata mfanyakazi. Tawi likitunza nakala za hati za mishahara, mfanyakazi wa shambani au wa kiwandani anaweza kudai mwezi uliorukwa. Daftari hilo likiliwa na virusi, mwajiri anabaki na kumbukumbu peke yake. Sote twajua mambo huishaje hapo.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na haiuzwi: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa mwenziwe. Aina yake iitwayo Ubuntu ilitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni lile lile neno letu utu. Virusi vingi vinavyosafiri kwa flashi kutoka mkono hadi mkono vimetengenezwa kwa Windows; Linux haviiwezi. Hata hivyo Windows tusiifute, maana baadhi ya programu za hesabu na mashine za kuchapa hazikubali mfumo mwingine. Mifumo yote miwili ikae katika diski moja, kila mmoja na sehemu yake.

Kwanza kabisa, nakili daftari lote kwenye diski ya nje, uifungue katika kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka, kisha uifungie sandukuni. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli na, tangu 2012, bwawa dogo la Nyagak. Waya wa gridi ulifika Arua mwaka 2024, lakini kukatika kwa umeme hakujaisha. Umeme ukizimika wakati diski inagawanywa, faili zaweza kuharibika zote. Kwa hiyo tumieni kompyuta yenye betri iliyojaa, au ya mezani iliyounganishwa na betri ya akiba.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya Windows, zima ile hali ya kuwaka haraka, kwa kuwa huiacha diski imefungwa nusu na Linux haitaweza kuandika humo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake karatasini. Punguza sehemu ya Windows ili ibaki nafasi tupu, gigabaiti 40 hivi. Andaa Ubuntu kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, washa kompyuta kwa flashi hiyo, na uchague kuiweka kando ya Windows. Lile chaguo la kufuta diski nzima lisiguswe kamwe. Baada ya hapo, kila uwashapo, programu ndogo iitwayo GRUB itakuuliza unataka mfumo upi.

Kuna jambo moja dogo linalotuhusu sana wafanyakazi. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya Greenwich. Windows huisoma kama saa ya hapa. Ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma saa 3: aliyeingia saa mbili asubuhi anaandikwa saa kumi na moja alfajiri. Hesabu za saa za ziada zikiandikwa hivyo, mwajiri atazikataa zote. Dawa yake, ukiwa ndani ya Ubuntu, ni kuandika amri hii: timedatectl set-local-rtc 1. Kisha washa upya na ulinganishe na saa ya redio.